Karatasi Iliyofuliwa

Chini kabisa ya hospitali, ambako madirisha yamekaa juu karibu na dari na kitu pekee unachokiona cha nje ni viatu vya wapita njia, kulikuwa na chumba cha kufulia. Hapo Mama Pasi alifanya kazi kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa kwa sababu ya pasi kubwa ya mvuke, mashine ndefu kuliko kitanda, yenye roli mbili za moto zinazomeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili likiwa limekauka na kunyooka. Yeye ndiye aliyeilisha. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto kupita vifundo, na alikuwa nayo kama wengine walivyo na bangili, bila kuyafikiria.

Wenzake walimheshimu kwa jambo moja hasa: mifuko. Hakuna nguo yenye mfuko iliyoingia mashineni kabla hajaipekua. Alishatoa humo kalamu, mikasi, nusu mkate, na siku moja meno ya bandia ya daktari ambaye hakuthubutu kuja kuyadai. "Kalamu moja," alizoea kusema, "inaua mashuka arobaini." Wageni kazini walifundishwa hilo kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Upande wa pili wa pasi alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, ambaye wote walimwita Kamba. Kazi yake ilikuwa kupokea shuka na kulikunja. Walikuwa wamesimama hivyo, uso kwa uso, miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa kelele za mashine hazikuruhusu maneno mengi, waliongea kwa macho na kwa kidevu. Kamba alitoka kwenye kabila dogo sana. Akilitaja, watu humuuliza, "Nani tena?" Basi akajizoesha kuhesabu mashuka kwa lugha yake, kwa sauti, ili angalau kuta zimjue.

Wala si yeye peke yake. Watu kumi na mmoja wa chumba kile walihesabu kwa lugha saba. Fundi wa boila, mtu wa mzaha aliyekaa nyuma kwenye tanuri la mvuke, alipenda kusema, "Mashuka ya hapa yamesoma kutuzidi. Yanajua lugha saba na hayajalipa ada."

Mama Pasi alihesabu kimoyomoyo. Hakuna aliyejua ametoka wapi. Fundi wa boila alimbahatisha miaka nenda miaka rudi: mara kwa jinsi anavyopiga chafya, mara kwa jinsi anavyoshika kikombe. "Leo umekohoa kama watu wa milimani, nimekukamata!" Naye hucheka na kujibu, "Mimi ni wa kabila la pasi." Mazungumzo huishia hapo. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kisha akaja afisa utumishi mpya. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, mwenye sauti ya upole na viatu visivyofaa sakafu yenye maji. Tofauti na waliomtangulia, huyu alishuka ngazi mwenyewe. Alisalimia kila mtu, aliwaamkia wakubwa, na alikumbuka nani ana mgonjwa nyumbani. Walimpenda. Jumatatu moja aliteremka na karatasi kubwa, nusu ya mlango, yenye maua ya rangi kandokando, akaibandika ukutani karibu na birika la chai.

"Wazazi wangu, kaka zangu na dada zangu," alisema, "hospitali hii ina watu wa kila aina, lakini tunapishana kwenye korido kama mawe. Wiki mbili zijazo tutafanya Siku ya Rangi Zetu. Kila mtu ajivunie alikotoka. Andikeni hapa."

Karatasi ilikuwa na safu nne. Jina. Kabila. Lugha ya nyumbani. Utatuonyesha nini?

Watu walishangilia. Fundi wa boila alinyakua kalamu wa kwanza, na kwenye safu ya nne akaandika: "Uzuri wangu." Kamba alisubiri wenzake wapungue. Akaenda mbele ya karatasi, akafuta kiganja kwenye suruali, akaandika jina la watu wake kwa herufi kubwa, polepole, kama mtu anayechonga. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili kulitazama. Macho yalikuwa yamemlowa.

Wakati huohuo harufu ya kuungua ilijaa chumbani. Mama Pasi alikuwa amesimama mbele ya pasi, mikono imening'inia, na shuka lilikuwa limejikunja kwenye roli na kuanza kufuka moshi. Msimamizi, mwanamume mwenye kifua kibovu ambaye hakupenda kukimbia, alikimbia na kuizima mashine.

"Mama Pasi! Umelala?"

"Samahani, bosi. Nimepitiwa."

Miaka kumi na tisa hakuwahi kupitiwa. Wote walilijua hilo, wakatazamana.

Siku ya pili mstari wake ulikuwa bado mtupu. Siku ya tatu pia. Majina kumi yalikuwa yamejaa, na mstari mmoja tu umebaki, kama pengo la jino lililong'oka. Afisa akashuka.

"Mama, tunakusubiri wewe tu."

"Nina kazi, mwanangu."

"Ni dakika moja. Nikushikie kalamu?"

"Nimesema nina kazi."

Alilisema hilo kwa sauti ambayo haikuwa yake. Afisa alirudi juu akijiuliza amemkosea nini. Chumbani minong'ono ikaanza. Mwanamke wa upande wa kukaushia alisema labda Mama Pasi anawaonea haya watu wake. Mwingine akasema la, anawaonea haya wao wenzake. "Anajiona ni nani? Sisi tumejiandika wote." Fundi wa boila, aliyependa kumtania, safari hii hakutania. Kamba alimtazama ng'ambo ya pasi, akainua kidevu kumuuliza: kuna nini? Mama Pasi alitazama shuka.

Siku ya nne asubuhi alifika kabla ya wote, kama kawaida. Alipopita penye birika aliona kitu ambacho jana hakikuwepo. Kwenye majina sita, pembeni kabisa, kulikuwa na alama ndogo nyekundu za vema. Sita yamewekewa, yaliyobaki hayana. Jina la Kamba lilikuwa na alama.

Akaangalia huku na huku, kana kwamba aliyeziweka bado yumo ndani. Wenzake walipoingia aliwauliza mmojammoja, kwa sauti ya chini, "Nani ameweka alama hizi?" Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyejali. "Si alama tu, Mama Pasi," Kamba alimwambia. "Kwani zinauma?"

Saa za chakula wote walipotoka, yeye alibaki. Akaibandua karatasi pembe kwa pembe, taratibu, isitoe sauti. Akaikunja mara nane mpaka ikawa nene kama kitabu, akaisukuma ndani ya mfuko wa aproni yake. Nia yake ilikuwa kuitupa kwenye moto wa boila. Lakini alipochungulia nyuma, fundi wa boila alikuwa ameketi mbele ya mlango wa tanuri akila chakula chake, miguu ameinyoosha, hana haraka na dunia.

Basi akasubiri. Wenzake wakarudi. Kabla mtu hajaona ukuta ulivyo mtupu, bomba linalopeleka dawa ya kung'arisha kwenye mashine namba moja lilichomoka, likammwagia Mama Pasi dawa kuanzia kifuani hadi magotini. Dawa ile huchoma ngozi.

"Ivue! Ivue aproni!" msimamizi alipiga kelele.

Kamba aliruka, akakata fundo la mgongoni kwa kisu cha kamba za mizigo, akaivuta aproni na kumsukuma Mama Pasi kwenye bomba la maji. Mama akasimama pale maji yakimpiga mikononi na tumboni, amefumba macho. Alipofumbua, alimuuliza Kamba, "Iko wapi?"

"Nini?"

"Aproni yangu."

"Nimeitupa humo na majoho. Isikae ikaunguza mtu."

Mashine namba mbili ilikuwa imeshajifunga na kuanza kuzunguka. Ndani mlikuwa na majoho ya kijani ya upasuaji, sitini na nne, pamoja na aproni moja ya kijani ambayo hakuna aliyepekua mfuko wake. Mlango wa mashine ile ukishajifunga haufunguki mpaka dakika arobaini ziishe, isipokuwa msimamizi aukatie umeme na kumwaga maji yote.

Neno moja tu lilihitajika. "Bosi, simamisha." Lakini angeulizwa kwa nini. Mama Pasi alisimama mbele ya kioo cha mviringo, nguo zikipanda na kushuka kwenye povu, na akanyamaza. Baadaye alisema kwamba kati ya mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililomtia aibu zaidi: alijua, alikuwa na dakika arobaini, na akanyamaza. Dakika ya ishirini aliona kipande cheupe kikigusa kioo na kupotea. Dakika ya thelathini mtu akauliza, "Jamani, orodha iko wapi?"

Mlango ulipofunguka, mwanamke wa kukaushia alitoa joho la kwanza, akalikung'uta, akaguna. Akatoa la pili. La tatu. Yote yalikuwa yamejaa chembe nyeupe, kama yamelala chini ya mti unaopukutika maua. Karatasi ilikuwa imesagika na kuingia kwenye kila mshono, kila kola, kila mkono.

Simu ya ukutani ikalia. Chumba cha upasuaji walitaka majoho. Msimamizi akajibu kwa kigugumizi. Haikupita muda muuguzi wa upasuaji akashuka mwenyewe, barakoa bado iko shingoni.

"Nimebakiwa na manne," alisema. "Mgonjwa ameshaandaliwa. Mama wa watoto wanne. Nipeni lolote."

"Dada, haya hayafai," msimamizi alisema, akimwonyesha.

Muuguzi aliligusa moja, chembe zikamganda kidoleni. "Unyuzi mmoja wa hiki ukiingia kwenye kidonda, mnajua kitakachotokea? Nani amefanya hivi?"

Muuguzi alipanda ngazi akiwa anakimbia kwenda kuomba majoho hospitali ya jirani. Chini, msimamizi aligawa kazi: kung'uta, kuokota kwa mkono, kusuuza, kurudia. Watu kumi na mmoja walizunguka meza ndefu ya kukunjia na kuanza kuchambua chembe kama wanachambua mchele. Hakukuwa na mzaha. Mashine zilikuwa zimezimwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi wangeweza kusikiana wakipumua.

Kamba ndiye aliyekipata. Kwenye bega la joho kilikuwa kimeganda kipande kikubwa kuliko vingine, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na juu yake wino ulikuwa bado haujafutika wote. Herufi tatu kubwa, zilizochongwa polepole. Alizitambua mara moja. Ni nani mwingine angezitambua?

Akalitazama joho. Akatazama ukuta penye birika. Kisha akageuka akamtazama Mama Pasi, na kwa kuwa walikuwa wamesomana macho miaka kumi na mmoja, hakuhitaji kuuliza.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Ilikuwa mfukoni mwako. Wewe. Wewe unayetupekua sisi sote."

"Ndiyo, kaka."

"Umetufuta," alisema. "Mara moja tu maishani mtu ameniuliza natoka wapi huku anatabasamu. Mara moja! Na wewe umekwenda ukanifua na damu za watu."

Msimamizi alitaka kuingilia, fundi wa boila akamshika mkono.

Mama Pasi hakuacha kuchambua. Aliinamia joho lililokuwa mbele yake, akiokota chembe moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye bakuli, na huku vidole vikienda, alisema ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kiwanda cha nyuzi, si cha mji huu. Kaka yangu ndiye aliyeniingiza kazini. Siku moja wakaleta karatasi. Walisema wanataka kugawa vyumba kwa usawa, asionewe mtu. Wala hawakudanganya, vyumba viligawiwa. Tukapanga foleni. Mbele yangu alikuwa rafiki yangu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Karani akamuuliza kabila, akajibu. Mimi karani hakunitazama hata usoni. Akasema, 'Na wewe vilevile?' Nilikuwa na njaa, kengele ya chakula ilishalia. Nikasema, 'Vilevile.' Hivyo tu. Sikuwa na ujanja wowote.

"Kaka alikuwa nyuma yangu. Yeye hakuwa mtu wa vilevile. Karani alikosea herufi kwenye jina la kabila letu, kaka akamwambia arudie. Akasimama pale mpaka likaandikwa sawasawa. Kama wewe juzi."

Kamba alikuwa ameacha kuchambua.

"Ulipita mwaka na nusu. Mambo ya nchi yakaharibika, mnajua yanavyoharibika. Asubuhi moja watu wakasimama getini na karatasi ileile. Hawakutuuliza chochote, ndugu zangu. Walisoma tu. Kulikuwa na alama pembeni ya majina, nyekundu. Aliyesomwa alipanda lori. Kaka akasomwa. Alipita karibu yangu, karibu hivi, na hakunitazama, maana angenitazama wangejua. Na mimi sikumwita." Akaokota chembe nyingine. "Lori halikurudi. Niliishi kwa sababu ya njaa ya saa sita mchana."

Mwanamke wa kukaushia, yule aliyesema Mama Pasi anaona haya, alikuwa amejifunika uso kwa kiwiko.

"Sijaongea lugha yetu tangu siku hiyo," Mama Pasi alisema. "Hata usingizini sidhani."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," fundi wa boila alisema taratibu, wala haikuwa kwa mzaha.

"Pole, Mama Pasi," Kamba alisema. "Pole sana, toka moyoni. Lakini acha na mimi niseme. Wenu waliandikwa wakafa. Sisi hatujaandikwa popote. Mwanangu alimtajia mwalimu kabila letu, mwalimu akamwambia hakuna kabila hilo. Hakuna! Mtoto karudi nyumbani ananiuliza, baba, kwani sisi ni nani? Mimi siku ile pale ukutani nilikuwa namjibu mwanangu."

Wote wawili walikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Wakarudi kuchambua.

Majoho ya hospitali ya jirani yalifika baada ya saa moja na robo. Mama wa watoto wanne alipasuliwa akiwa amechelewa, na akapona. Lakini kwa saa moja na robo ile hakuna aliyejua kwamba atapona, na Mama Pasi kila alipoisikia simu ikilia juu ya kichwa chake, vidole viliacha kuchambua.

Kesho yake aliitwa ofisini. Alikuta afisa utumishi na msimamizi. Afisa alikuwa amelia, ilionekana. Habari ya kiwanda cha nyuzi ilikuwa imeshapanda ngazi.

"Mama, zile alama ni zangu," alisema haraka, kabla hata Mama Pasi hajakaa. "Niliweka kwa walionithibitishia watakacholeta. Basi. Sikujua. Naapa sikujua."

"Najua hukujua, mwanangu. Hata yule karani hakujua."

Msimamizi alikohoa, akasoma barua ya onyo. Kuharibu mali ya hospitali, kuhatarisha mgonjwa, kutosema ukweli kwa wakati. Mama Pasi alisikiliza mpaka mwisho, akatia sahihi. Yote yalikuwa kweli. Lakini hakuinuka.

"Na ile nyingine iko wapi?"

"Ipi, mama?"

"Karatasi ya ofisini haizaliwi peke yake. Ina pacha."

Afisa aliangalia meza. "Niliinakili kwenye kompyuta," alisema hatimaye. "Nikaituma makao makuu. Walitaka takwimu."

Msimamizi aligeuka kumtazama. Hata yeye hakuwa akijua.

"Basi barua yenu nimeipokea," Mama Pasi alisema, "na mimi nina ombi moja. Iondoeni. Si jina langu, langu halimo. Ya wale kumi. Mkishindwa, kesho asubuhi nitawaambia wenzangu wote jina lao limekwenda wapi, na kila mmoja aamue mwenyewe kama anacheza ngoma."

"Unanitisha, mama?"

"Nakuomba. Kutisha sijui. Nimetishwa tu."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Afisa alipiga simu, akaambiwa aandike. Akaandika, akaambiwa asubiri. Akapanda basi akaenda mwenyewe. Huko bosi wake alimwambia anakuza mambo, orodha ni ya sherehe tu. Afisa akamjibu kwamba na ile nyingine ilikuwa ya vyumba tu. Alisema baadaye kwamba alipokuwa anasubiri nje ya mlango, alikuwa ameshaandika moyoni barua yake ya kuacha kazi.

Chini, pasi ilizunguka. Kamba alipokea mashuka na kuyakunja bila kuinua macho. Hakuhesabu kwa sauti. Mama Pasi alilisikia pengo la sauti ile kuliko alivyozisikia mashine, na mara mbili karibu aunguze tena shuka.

Siku ya nne afisa alishuka, viatu mkononi, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Akawakusanya wote. Aliwaeleza yote bila kujificha: kwamba majina yao yalitumwa, kwamba hakuwauliza, kwamba yamefutwa mbele yake, na kwamba kuanzia sasa hakuna fomu ya hospitali itakayomdai mtu kabila lake. Akaomba radhi. Kisha akamgeukia Mama Pasi. "Nimeona kwa macho yangu yakifutwa. Unaniamini, mama?"

"Wewe nakuamini," Mama Pasi alijibu. "Wao siwajui."

Ilibidi iwe hivyo.

Siku yenyewe ikafika. Haikuwa na orodha wala meza zenye vibao. Viti vilipangwa duara kwenye ukumbi wa chakula, na aliyetaka kusimama alisimama, asiyetaka aliketi akasikiliza. Muuguzi wa upasuaji aliimba wimbo wa bibi yake, akasahau ubeti wa pili, akacheka mpaka akakaa. Daktari mmoja wa kigeni aliwafundisha kusema "pole pole inatosha" kwa lugha ya kwao, ukumbi mzima ukamharibia lugha. Fundi wa boila alionyesha uzuri wake kama alivyoahidi: alisimama, akajizungusha, akaketi.

Kamba alikaa hadi karibu na mwisho. Alipoinuka, ilionekana hakujua aanzie wapi. Mwanawe alikuwepo, na mkewe. Alilitaja jina la watu wake mara moja, kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyeuliza nani tena. Kisha akasema, "Sina ngoma wala vazi. Nitahesabu." Akahesabu kutoka moja hadi ishirini, kama anavyohesabu mashuka, na alipofika saba wenzake wa chumba cha kufulia walikuwa wanahesabu naye, wote, kwa sababu miaka kumi na mmoja masikio yao yalikuwa yameshajifunza bila kuambiwa. Mwanawe alimtazama baba yake na mdomo wazi.

Mama Pasi alikuwa amesimama mlangoni, aproni bado kiunoni. Naye alihesabu. Hakusimama katikati ya duara, wala hakuna aliyemwita.

Alasiri walirudi kazini, kwa maana wagonjwa hawalali kwenye sherehe. Pasi ikawashwa. Mashuka yakaanza kupita. Alipolisha la kumi hivi, Mama Pasi aliizunguka mashine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ikiwa inazunguka, akasimama karibu na Kamba, akamwambia neno moja sikioni. Jina la watu wake yeye mwenyewe.

"Sikusikia!" Kamba alipaza sauti. "Kelele!"

Mama Pasi akamtazama kuona kama anamtania. Hakuwa anamtania. Akavuta pumzi, akalisema tena. Safari hii alilipigia kelele, kwa nguvu zote za kifua, kiasi kwamba mwanamke wa kukaushia aligeuka, na fundi wa boila akatoa kichwa kwenye mlango wake.

"Sikupatia hata mara moja!" fundi alilalamika. "Miaka yote ile ya chafya!"

Shuka lililokuwa limetoka lilikuwa linaelekea kuanguka sakafuni. Kamba alilidaka, akampa Mama Pasi pembe mbili, wakalikunja pamoja.

Jumapili ile Mama Pasi alimwambia bintiye yote. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Binti alikuwa na miaka ishirini na mitano, anafanya kazi kwenye duka la dawa, na maisha yake yote alikuwa akiambiwa kwamba upande wa mama "walikwisha kwa maradhi." Alisikiliza akiwa amesimama jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, na mwanzoni alikasirika.

"Nina mjomba, mama. Nilikuwa na mjomba, na hukuniambia."

"Nilikuwa nakuficha wewe, usije ukasomwa."

"Unanificha na nani? Mimi?"

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Mama yake hakumfuata. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alichouliza ni hiki tu: "Kichwa mnakiitaje?"

Mama Pasi alimwambia. Binti alilirudia, vibaya, mama akamsahihisha. Wakaendelea: jicho, sikio, shingo, bega, tumbo, goti. Maneno yalitoka moja moja, mengine mazito, mengine yakiteleza yenyewe, na Mama Pasi alikuwa anashangaa kuyasikia kwa sauti ya mtu mzima, kwa kuwa mara ya mwisho aliyatamka akiwa msichana. Walipofika kwenye kisigino, akakwama. Akafumba macho. Akainua mguu, akakishika kisigino kwa mkono, kana kwamba chenyewe kitamwambia. Hakikumwambia. Wakaanza kucheka, kwanza binti, halafu mama, wakacheka mpaka wakashikana wasianguke, mwanamke mzima akiruka kwa mguu mmoja jikoni kwake, ameshika kisigino kisicho na jina.